Mhakiki na Lambo la Gulwe

Neno lililomuudhi kuliko yote lilikuwa "inajulikana". Ukiandika "inajulikana kwamba mji huu ulianza hivi na hivi", ulikuwa umejitafutia Jumamosi mbaya. Alishusha miwani hadi ncha ya pua, akakutazama wewe badala ya kutazama skrini, kisha akauliza taratibu, "Inajulikana na nani? Mtaje. Anakaa wapi?" Ukinyamaza, alifuta.

Tulimwita Mhakiki. Jina lake tulilijua wote, ila ukishaitwa cheo kama hicho na watu watano kila wiki kwa miaka, jina linabaki la kwenye kitambulisho tu. Sisi watano tulikuwa tunaandika na kusahihisha, kwa kujitolea, makala za kamusi elezo ya Kiswahili iliyoko mtandaoni, ile ambayo mtu yeyote mwenye simu anaweza kuongeza sentensi na mtu mwingine yeyote akaifuta. Tulikutana Jumamosi asubuhi katika chumba cha nyuma cha steshenari moja ya Area C, hapa Dodoma, katikati ya maboksi ya karatasi na mashine ya kutolea kopi ambayo ilikuwa inapiga kelele tunapotaka kusikilizana. Mimi nilitoka masjala, na nilidhani kwa sababu nashinda na mafaili basi naijua historia. Dhana hiyo alinitoa mapema.

Kabla ya kustaafu alikuwa msoma prufu katika kiwanda cha uchapaji. Huko ndiko alikojifunza kusoma ukurasa kuanzia mstari wa mwisho kwenda juu, rula mkononi, ili maana isimlaghai akaacha kuona makosa. Kwenye kompyuta aliendelea vilevile. Aliibandika rula ya plastiki kwenye skrini na kuipandisha mstari kwa mstari, na mwenye steshenari alikoma kulalamika kuhusu mikwaruzo alipogundua kwamba matangazo yake mwenyewe ya dukani sasa yanasahihishwa bure.

Kuhusu tahajia hakuwa na mzaha, ila hakuwa na kiburi pia. Mgeni akiandika "alafu", alimrudishia h yake bila kelele na kumwachia ujumbe: "Karibu sana, ndugu. Makala yako ni nzuri. Nimeongeza herufi moja." Nimewahi kuhesabu maneno ya ujumbe wake kwa wageni, yote ya upole. Lakini sisi wenyeji wa chumba kile tukikosea hilohilo, alitusomea kwa sauti mbele ya wateja. Nilimuuliza kwa nini anatubagua. "Mgeni anaweza kuondoka," alisema. "Wewe utaenda wapi?"

Kuna mtu mmoja, hatukumjua ni nani, aliyepitia makala za vijiji vya Ugogoni na kubadili majina yote yanayoanza na Chi yaanze na Ki, eti yawe Kiswahili fasaha. Alifanya kazi hiyo kwa bidii, kurasa nyingi, na kila mahali aliandika "nimesahihisha". Mhakiki alikaa siku nzima akirudisha jina moja baada ya jingine, hakula chochote isipokuwa zabibu alizoletewa kwenye mfuko wa rambo. Mwisho akamwandikia yule mtu mstari mmoja: "Jina la mahali si letu kulisahihisha, ni la waliolala pale." Yule mtu aliomba radhi, na baadaye akawa mwandishi wetu mzuri sana wa mambo ya ndege.

Ya tembo nayo ilimpa kazi. Kila Mdodoma anajua kwamba mji ulipata jina kutokana na tembo aliyezama matopeni, na kila wiki kulikuwa na mtu anaongeza jambo: tembo alikuwa dume, tembo alikuwa anakwenda kunywa maji, tembo alivutwa kwa kamba. Mhakiki hakumfuta tembo. Alimwekea tu neno "inasimuliwa" mbele, akafuta kamba, akafuta udume. "Masimulizi ni mali yetu," alituambia. "Ila yakae chumba chake, yasiingie na viatu kwenye chumba cha ushahidi."

Na hapo sasa ndipo palipokuwa na kituko chake kikubwa, maana mwanamke huyuhuyu, akitoka nje ya chumba kile, alikuwa muongo wa kupigiwa makofi. Kwenye harusi au kwenye matanga alisimulia samaki wa Mtera ambaye alitolewa majini na watu sita na bado mkia ukabaki bwawani. Alisimulia basi lililokwenda Iringa bila dereva. Watu walicheka mpaka wakashika mbavu, na mimi mara moja, kwa ukorofi, nikamuuliza mbele za watu, "Mama, chanzo?" Hakubabaika hata kidogo. "Hii ni ya mdomo, binti yangu. Mdomo hauna tanbihi."

Diwani mmoja alikuja steshenari na suti, akitaka makala yake mwenyewe. Alikuwa ameshaiandika, kurasa nne, yeye akiwa shujaa tangu darasa la pili. Alimwamkia Mhakiki shikamoo, akaitikiwa marahaba, akapewa kiti. Mhakiki alisoma zote nne, kutoka chini kwenda juu, bila haraka. Kisha akamuuliza, "Mheshimiwa, kuna jambo lolote humu ambalo mtu asiyekupenda naye ameliandika?" Diwani alifikiri, akasema hapana. "Basi tusubiri," akasema Mhakiki, "utapata maadui, bado kijana." Diwani aliondoka akicheka, na sijui kama alielewa.

Mtu wa namna hii ukimkosoa huwa hakupi nafasi, kwa sababu huwa hajakosea. Nakiri nilikuwa naisubiri siku atakapokosea. Siyo kwa ubaya, ni vile tu mtu akikusahihisha miaka sita mfululizo unatamani na wewe umwone anakwaruzika. Siku ilipofika sikuifurahia, kwa sababu nilikuwemo.

Aliingia bibi mmoja Jumamosi, peke yake, mwenye vumbi la safari miguuni, akiuliza kama hapa ndipo wanapoandika kitabu cha kwenye simu. Alisalimia "Mbukwenyi", Mhakiki akaitikia kwa Kigogo, kisha akampa shikamoo ya Kiswahili juu yake. Bibi alitoka kijiji kimoja cha karibu na Gulwe. Kanga aliyoishika aliifungua, ndani mlikuwa na kijitabu cha jubilei ya parokia yao, na ukurasa mmoja ulikunjwa pembe. Kusoma hakujua, lakini ukurasa aliujua.

"Katekista ameandika hapa lambo letu alilichimba bwana wa reli," alisema. "Nikamwuliza, wewe umeyatoa wapi? Akasema kwenu. Akanielekeza hapa."

"Na wewe unasemaje, mama?" Mhakiki alimuuliza.

"Mimi sisemi. Mimi nilibeba udongo. Lambo alilichimba baba yangu na watu wa ujima. Alikuwa anapiga ngoma alfajiri, watu wanatoka vijiji vitatu. Bwana wa reli alikuja kunywesha punda wake, basi. Sasa mwenyekiti wa kijiji anaweka kibao pale lamboni, na jina ni la bwana wa reli. Fundi wa rangi anakuja wiki ijayo."

Mhakiki alifungua makala ya kile kijiji. Ilikuwa fupi, na sentensi ilikuwemo: lambo lilichimbwa chini ya msimamizi wa njia ya reli. Mwishoni kulikuwa na tanbihi safi kabisa, jina la kijitabu cha parokia na ukurasa. Tanbihi ile niliiweka mimi, na nakumbuka nilivyojisifu siku hiyo kwamba makala ya kijijini imepata chanzo cha kuchapwa.

"Kijitabu kimetoka lini?" akaniuliza. Nikamwonyesha. Akafungua historia ya ukurasa, ile sehemu inayohifadhi kila badiliko na jina la aliyelifanya. Sentensi ya bwana wa reli iliwekwa miaka kadhaa kabla kijitabu hakijachapwa. Katekista aliichukua kwetu, akaipeleka kwenye kijitabu, nami nikaichukua kwenye kijitabu, nikairudisha kwetu ikiwa imevaa koti. Halafu Mhakiki akasogeza mshale hadi kwenye badiliko la kwanza kabisa, tuone ni mpumbavu gani aliyeanzisha.

Lilikuwa jina lake.

Aliitoa rula kwenye skrini, akaiweka mezani. Kisha akasema, na alimwambia bibi, si sisi, "Mama, ni mimi. Nilikuwa mgeni kwenye kazi hii. Nilikuwa ndani ya treni, tukasimama Gulwe, mzee mmoja mstaafu wa reli akanionyesha kule na kuniambia. Nikaandika. Sikumuuliza alijuaje."

Bibi alimtazama. "Mtu wa reli akakuambia kazi ni ya mtu wa reli?"

"Ndiyo, mama."

"Na wewe umesoma?"

"Nimesoma, mama."

Bibi akatikisa kichwa, lakini kidogo alitabasamu pia. Mhakiki aliifuta sentensi palepale, pamoja na tanbihi yangu. Kwenye ukurasa wa majadiliano aliandika jina lake na kueleza yote, treni na mzee na kijitabu, na akamalizia: msiitumie. Alipomaliza bibi alivuta kiti. "Haya. Sasa andika baba."

Mhakiki alivua miwani. "Siwezi, mama."

Hapo ndipo nilipokasirika, na sitaki kuficha. Niliona ni ukatili mtupu. Huyu ameandika uongo kwa neno la mtu mmoja wa kwenye treni, sasa ukweli umekuja na miguu yake kutoka Gulwe, umekaa kwenye kiti, na yeye anakumbuka kanuni! Nilimwambia hivyo hivyo, kwa sauti, mbele ya bibi na mbele ya wateja wawili waliokuja kutoa kopi za vyeti.

Hakunifokea. "Nilimwamini mtu mmoja kwa sababu alikuwa anapendeza," alisema. "Sasa unataka nimwamini mwingine kwa sababu nina aibu. Ni kosa lilelile, binti."

"Kwa hiyo baba yangu mtamwandika lini?" bibi aliuliza.

"Sijui, mama. Lakini kibao bado hakijapakwa rangi, na kibao siyo kitabu changu. Twende huko."

Tulikwenda Jumatatu. Niliomba ruhusa kazini kwa sababu za kifamilia, na sijutii. Tulipanda basi la Mpwapwa, kisha bodaboda, Mhakiki amekaa upande kwenye pikipiki na mkoba wake kifuani, akimwelekeza dereva namna ya kukwepa mchanga. Ofisi ya kijiji ilikuwa wazi. Mwenyekiti alikuwa mtu mstaarabu, alitupatia viti na maji, na aliposikia shida yetu akatoa faili. Ndani mlikuwa na kijitabu cha parokia na ukurasa wa makala yetu, umechapishwa kwenye karatasi na kutobolewa matundu vizuri.

"Mimi sina upande, mama," alimwambia Mhakiki. "Bibi yetu namheshimu. Ila mimi naongoza kwa maandishi. Hapa imeandikwa, na hapa imeandikwa. Vyanzo viwili."

"Ni kimoja, mwenyekiti," alisema Mhakiki. "Hiki kimetoka kwenye hicho, na hicho ni mimi. Mimi hapa."

Mwenyekiti aliangalia karatasi, akamwangalia yeye, akaangalia tena karatasi. Nadhani hakuwahi kukutana na chanzo kikiwa kimevaa kanga na ndala. Aliuliza, "Sasa tufanyeje?" na ni hapo nilipoelewa kwa nini mwanamke huyu alikuwa hana woga wa kukosea. Alijua la kufanya baada ya kukosea, na wengi wetu hatulijui.

Aliomba wazee wa kijiji waitwe, ila wasikae pamoja. "Ukiwauliza pamoja utapata jibu la mkubwa wao," alisema. Waliitwa wanne, mmoja mmoja, ndani ya ofisi, na bibi mwenyewe aliombwa akae nje mbali, jambo alilolikubali kwa kununa. Hakuna aliyeulizwa "nani alichimba lambo". Kila mmoja aliulizwa alikuwa wapi udongo ulipotolewa, alikula nini, aliitwaje kwenda kazini. Watatu walisema ngoma. Wa nne alisema alikuwa mgonjwa wakati huo, hakumbuki ngoma, ila anakumbuka kumwonea wivu kaka yake aliyekuwa akipigwa na baba wa bibi kwa kuchelewa. Mwenyekiti aliandika yote kwa mkono wake. Mhakiki hakuandika hata neno moja, na nilipotoa kalamu alinikanyaga mguu.

Fundi wa rangi alipokuja, alipewa jina jingine. Bibi alinipigia simu kunisomea, yaani alimpa simu mtu anisomee. Jina la baba yake lilikuwa juu, na chini yake: na watu wa ujima.

Mimi Jumamosi iliyofuata nikaja na picha ya kibao kwenye simu, nimenyooka kwa furaha. Chanzo hiki hapa, kimeandikwa, kiko hadharani, kila mtu anaweza kwenda kukiona. Mhakiki aliitazama picha kwa muda mrefu, nikaona kabisa kwamba anaitaka. Alipitisha kidole kwenye jina. "Kibao hiki kimeandikwa kwa sababu sisi tulikwenda," alisema. "Tukikitumia, tutakuwa tumerudia ya katekista. Atakuja mtu mwingine ambaye hatujui."

"Asipokuja?"

"Basi ukurasa utakaa bila jina, na sitakuwa nimesema uongo mara ya pili."

"Na bibi?"

Wiki zote zilizofuata, kabla hajafanya kitu kingine, alifungua makala ya kijiji kile, akaangalia kama kuna mtu amegusa, akaifunga. Alimpigia bibi kila mwisho wa mwezi pia, hata kama hana la kumwambia. Waliongea Kigogo, kirefu, na mara nyingi nilisikia kicheko. Lakini akikata simu alikuwa mpole kwa nusu saa, hata makosa yetu alituachia.

Baadaye magoti yalimshinda kuja mjini, tukaanza kumfuata sisi, nyumbani kwake Ihumwa. Mara ya mwisho ninayotaka kuisimulia nilimkuta amekaa barazani na kompyuta mapajani, rundo la karatasi kwenye mkeka. Hakunikaribisha. Alisema tu, "Kaa. Kuna mtu amegusa."

Mtu asiyemjua, kwa jina asilolijua, alikuwa ameongeza sentensi moja kwenye makala ya kijiji: kwamba lambo lilichimbwa kwa ujima ukiongozwa na baba wa bibi, kwa jina lake. Chanzo kilikuwa tasnifu ya mwanafunzi wa chuo kikuu kuhusu malambo ya nyanda za kati. Mhakiki alikuwa ameitafuta tasnifu hiyo, akaomba ichapishwe yote, na alikuwa ameisoma kwa siku mbili akitutafuta sisi ndani yake. Hakuwa anatafuta lambo. Alikuwa anatafuta kama mwanafunzi amechukua kwetu, au kwenye kijitabu, au kwenye kibao.

"Na?" nilimuuliza.

"Hatumo. Kibao hakimo. Amekwenda kijiji cha pili, kwa wale waliokuwa wanatoka huko kuja ujima, amewarekodi." Alichukua karatasi moja. "Na amepata barua ya mchungaji wa zamani, ya wakati uleule, analalamika kwamba watu hawaji ibada ya alfajiri kwa sababu kuna mtu anawapigia ngoma waende kuchimba maji. Amemtaja jina."

Nilicheka kwa sauti. Yeye alikuwa analia, waziwazi, bila kujifuta. Aliipandisha sentensi ile mstari juu, akasahihisha mkato mmoja, akahifadhi. Kisha akapiga simu na kuiweka spika ili nami nisikie.

"Mama, shikamoo. Baba yako ameingia."

"Ameingia wapi?"

"Kwenye kile kitabu cha kwenye simu. Leo. Kuna karatasi ya mchungaji, imemtaja."

Upande wa pili walisikika kuku, na mtu akitwanga. Bibi aliporudi kwenye simu sauti yake ilikuwa ya kawaida kabisa, kama mtu anayefungulia wageni waliochelewa.

"Baba hajaingia popote, mwanangu. Yeye alikuwepo. Nyie ndio mmefika."